Ukichuja mpango kwa toleo, kazi nyingi za timu hazionekani. Ni filta, au ni namna tunavyojaza tiketi?

#1 DadaBakilogi
Wakuu, habari za jioni. Naleta hili kwa sababu limeanza kuumiza watu kazini.

Timu yetu iko Kijitonyama, tunatengeneza mfumo wa malipo. Tiketi zote, yaani kila kazi na maandishi yake, ziko kwenye Jira, programu ya kufuatilia kazi, na mpango mkubwa unaangaliwa kupitia Plans, sehemu ya Jira inayokusanya kazi za miradi mbalimbali. Kila mwanzo wa wiki uongozi unafungua mpango, unachagua toleo linalokuja (version ya mfumo itakayomfikia mteja) kwenye filta, na kinachobaki kwenye skrini ndicho kinahesabika kuwa kazi ya timu. Kikao kilichopita skrini ilionyesha vijana wawili hawana kitu mpaka mwisho wa mwezi. Palepale wakapewa mradi mwingine. Sasa hao vijana ndio wanaoshika hitilafu za usiku, ndio wanahamisha seva, ndio wanaojibu maswali ya wakaguzi. Kazi zao zote zimeandikwa, zina makadirio, zina tarehe. Hazina toleo tu.

Msimamo wangu ni kwamba filta ya toleo inaonyesha tulichomwahidi mteja, basi. Kuitumia kupima nani ana nafasi ni kuwaonea watu. Lakini hata nikiwaweka pembeni hao wawili, kuna tiketi ambazo toleo linaonekana limeandikwa na bado hazitokei. Hapo ndipo nimekwama. Aliyewahi kukutana na hili, chanzo kilikuwa nini?

#2 KijanaWaKimara
Ngoja waje wataalamu. Mimi nimeshavuta kiti.

#3 Testa_wa_Sinza
Dada, weka hapa hoja ya utafutaji mnayotumia. Nina hakika ya tisa kwa kumi kuna alama ya "si sawa na" imejificha humo.

Mtu anataka kuona kila kitu isipokuwa kazi za toleo 2.4. Anaandika hivi (fixVersion ni sehemu ya toleo, != ni "si sawa na"):

fixVersion != "2.4"

Anadhani amepata kila kilichobaki. Hajapata. Jira inamletea tiketi zenye toleo jingine, na zile ambazo sehemu ya toleo iko tupu inaziacha nje. Ili nazo zije ni lazima uzitaje kwa jina lake:

project = MALIPO AND (fixVersion != "2.4" OR fixVersion is EMPTY)

Hayo mabano usiyaache. Ukiyaondoa, AND inafungwa kwanza halafu OR inakuja peke yake, na utaletewa tiketi zisizo na toleo za miradi yote unayoruhusiwa kuiona. Nimeona bodi (ubao wa kuonyesha tiketi) ya watu wa malipo ikijaa tiketi za watu wa rasilimali watu kwa ajili ya mabano mawili.

#4 Shangazi_Data
Testa yuko sahihi, na sababu yake ni ya zamani kuliko Jira. Kwenye hifadhidata zinazoulizwa kwa lugha ya SQL, kitu kitupu hakilinganishwi. Ukiuliza "je, hiki kitupu ni tofauti na 2.4?", jibu si ndiyo wala hapana, ni "haijulikani". Na WHERE, sehemu ya swali inayochuja, inapitisha ndiyo peke yake. Kwa hiyo Jira inapouliza hifadhidata yake, safu zenye NULL (yaani tupu) zinaangukia nje. Nafundisha vijana ripoti, na hili ndilo somo ninalorudia kuliko yote.

#5 Bwana_Faharasa
Shangazi, kwa heshima zote, nikusahihishe kidogo. Tabia inafanana na ya SQL lakini njia si hiyo. Jira ya kuweka kwenye seva yako haitafuti tiketi kwa kuuliza hifadhidata moja kwa moja, inatafuta kwenye faharasa (orodha ya kutafutia) ya Lucene, programu ya utafutaji, iliyotengenezwa kutokana na tiketi. Na hapo ndipo penye chanzo kingine ambacho hakijatajwa. Faharasa ikiwa haijaenda sambamba na hifadhidata, ukiifungua tiketi unaona toleo limeandikwa, ila ukiitafuta kwa toleo hilo haitokei. Dalili ndiyo hiyohiyo ya Dada: toleo lipo, tiketi haionekani.

Dawa yake ni kujenga faharasa upya. Fanyeni usiku, maana kwenye seva kubwa watu watalalamika.

#6 Shangazi_Data
Hapo kwenye Lucene umenifaa, asante. Somo la kitu kitupu linabaki palepale.

#7 DadaBakilogi
Asanteni. Mambo mawili. Kwanza, sisi tuko kwenye klaudi (Jira inayoendeshwa na wenyewe mtandaoni), hatuna seva wala faharasa ya kugusa, kwa hiyo #5 haituhusu moja kwa moja. Pili, uongozi hauandiki hoja yoyote. Wanabonyeza filta ndani ya Plans na kuweka tiki kwenye toleo. Hakuna alama ya "si sawa na" hapo.

#8 Nondo2
Kama ni tiki, swali langu ni moja: mpango wenu unachota kutoka miradi mingapi?

Toleo kwenye Jira ni mali ya mradi. "2.4" ya mradi wa simu na "2.4" ya mradi wa nyuma ya pazia (upande wa seva) ni vitu viwili, hata kama majina yanafanana herufi kwa herufi. Ukiandika hoja kwa jina, fixVersion = "2.4", unapata zote mbili kwa sababu inalinganisha jina. Ukiweka tiki kwenye orodha, umechagua moja. Nusu nyingine imebaki kwenye 2.4 ambayo hukuitia tiki, na kwenye tiketi zake toleo unaliona limeandikwa vizuri kabisa.

Plans ina kitu cha kuunganisha matoleo ya miradi mbalimbali yawe kundi moja lenye tarehe zinazotazamana. Watu wengi hawakifungui.

#9 Mama_Ripoti
Nondo2 kasema la maana, lakini msikimbilie kwenye filta kabla hamjaangalia kama tiketi ziliingia kwenye mpango tangu mwanzo. Hapa watu wanachanganya vitu viwili.

Filta inaficha. Ukiiondoa, kazi inarudi. Kanuni za kutenga zinaitoa kazi nje ya mpango kabisa, hata ukifuta filta zote hairudi. Kwenye mipangilio ya Plans kuna sehemu ya kutenga: unaweza kutenga kwa hali ya tiketi, kwa aina ya tiketi, kwa toleo. Na kuna kanuni inayokuja nayo bila wewe kuomba: tiketi iliyokamilika ikipita siku 30 inatoka. Aliyeuunda mpango huenda alitenga toleo fulani zamani likiwa limeisha, halafu watu wakaendelea kulitumia. Hao wote hawaonekani na hakuna alama yoyote kwenye skrini ya kukuambia.

Kwa hiyo Dada, fanya hivi. Chukua tiketi moja iliyopotea. Ondoa filta zote. Ikitokea, chanzo ni filta. Isipotokea, nenda kwenye mipangilio, filta haina kosa.

#10 Mzee_Primavera
Vijana hamjambo. Mimi si wa programu, ni mpangaji wa ujenzi, barabara na majengo, kompyuta yangu inaishi ndani ya Primavera P6, programu ya kupanga ratiba za miradi. Lakini mnachozungumza nakijua.

Kwetu filta haigusi hesabu. Ukichuja ukaona shughuli za ghorofa ya tatu peke yake, ukibonyeza F9 mashine inapanga mradi mzima, zilizojificha na zinazoonekana. Kwa hiyo tarehe inaweza kuruka mbele ya macho yako na huoni kilichoisukuma, kwa sababu kilichoisukuma kimechujwa. Nimekaa kwenye vikao ambapo mshauri anamgombeza mkandarasi kuhusu lipu, wakati kilichochelewa ni kibali cha maji ambacho hakikuwa kwenye karatasi iliyochapishwa.

Jambo la pili. P6 inakuruhusu kuweka filta kadhaa kwa pamoja, na inakuuliza: shughuli itimize zote, au yoyote mojawapo? Ukiliacha kwenye "zote" bila kutazama, unabaki na mistari michache na unadhani mradi umekwisha. Kagueni kama chombo chenu kina jambo hilo.

Na hapo kwenye #1 dada amesema kweli tupu. Mpango uliochujwa ni wa kumwonyesha mtu jambo moja. Kugawia watu kazi, tumia ambao haujachujwa.

#11 KijanaWaKimara
Shikamoo mzee. Kumbe hata wenye zege wanapotezewa kazi na kompyuta, nilidhani ni sisi wa kukaa kwenye kiyoyozi tu.

#12 Mzee_Primavera
Marahaba. Zege halipotei, kijana wangu. Karatasi yake ndiyo inapotea.

#13 Kigamboni_Dev
Naongeza chanzo ambacho kilitusumbua sana sisi: tiketi ndogo.

Stori (tiketi ya kazi moja inayogawanywa kuwa tiketi ndogo) ina toleo 2.4. Ndani yake kuna tiketi ndogo tano, kila moja ya mtu wake. Ukichuja kwa toleo inatokea stori, zile tano hazitokei, kwa sababu tiketi ndogo hairithi toleo la mama yake. Matokeo yake aliyeandikwa kwenye stori anaonekana amebeba mzigo wote, na waliobeba kazi yenyewe wanaonekana wamekaa. Kwenye sprinti (kipindi kifupi cha kazi kilichopangwa) ni tofauti. Ukiiweka stori kwenye sprinti, tiketi ndogo zinaenda nayo. Watu wanazoea sprinti wanadhani toleo nalo liko hivyohivyo.

Hata epiki (tiketi kubwa inayobeba stori kadhaa) ni vilevile. Kuandika toleo kwenye epiki hakuandiki chochote kwenye stori zilizo chini yake.

#14 Testa_wa_Sinza
Hili la Kigamboni_Dev ni zito. Ndiyo maana ninapotaka kuhesabu kazi halisi sichuji kwa toleo, nachuja kwa sprinti au kwa mtu.

#15 Nondo2
Sprinti nayo ina maradhi yake. Watu wa seva hawafanyi sprinti.

#16 Mtaalamu_wa_Usiku
Nimesoma tangu juu na #1 imenigusa, kwa sababu mimi ni mmoja wa hao wa usiku, kampuni nyingine.

Niwape mfano. Tozo za miamala ya simu zilipokuja 2022, sheria ilipita na bajeti, tarehe ya kuanza ikawa karibu mno, na kila mfumo unaogusa pesa ya simu ulitakiwa ukate kiasi kipya siku hiyo. Hatukuwa na toleo lolote lililopangwa kwa ajili hiyo. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kukaa kubuni jina la toleo. Tuliandika tiketi, tukafanya, tukajaribu usiku, tukapandisha. Mwisho wa robo mwaka ripoti ya matoleo ikatolewa: timu ilitoa toleo moja dogo. Ile kazi ya tozo haikuwa na toleo, kwa hiyo kwa ripoti haikutokea. Meneja wetu alikuwa mtu mwema, alijua kabisa tulivyokesha, lakini mkubwa wake aliiona ripoti tu.

Sitaki kusikia mtu anasema "mngejaza toleo". Saa nane usiku unatazama salio la watu.

#17 Mama_Ripoti
Pole sana mkuu, na hongereni kwa kazi ile. Marekebisho ya mwaka tu kwa faida ya wasomaji: tozo za miamala ya simu zilianza tarehe 15 Julai 2021, na Septemba mwaka huohuo zikapunguzwa kwa asilimia 30. Ya 2022 yalikuwa mabadiliko ya baadaye.

#18 Mtaalamu_wa_Usiku
Ni 2021, sawa. Na lile punguzo la Septemba nalo lilitukuta usiku, nalo halikuwa na toleo.

#19 Bwana_Faharasa
Mimi nina mtazamo tofauti na wengi humu, nao si wa kumkwaza mtu. Filta inafanya kilekile ilichoambiwa. Ukiiambia "nionyeshe 2.4", ikakuonyesha na vitu visivyo vya 2.4, utailalamikia zaidi. Tatizo la #1 ni kwamba swali la "nani ana nafasi" limeulizwa kwa filta ya "nini kinatoka". Hata ukitengeneza vyanzo vyote vilivyotajwa hapa, bado uongozi utakuwa unauliza swali lisilo lake.

#20 DadaBakilogi
Bwana_Faharasa, nakubali nusu. Lakini chombo kinapokuwa kimya kuhusu kilichofichwa, kinamsaidia mtu kujidanganya. Ingekuwa juu ya skrini panaandikwa "kazi kadhaa za watu hawa hazionyeshwi", kikao kile kingeenda tofauti.

#21 Shangazi_Data
Kuna ripoti moja ndani ya Jira inayojaribu kuwa mkweli kiasi. Ripoti ya toleo kwenye bodi za Scrum (mtindo wa kufanya kazi kwa sprinti) inachora pia asilimia ya tiketi zisizo na makadirio, kwa mstari mwekundu. Inakwambia wazi kwamba utabiri wake usiuamini sana. Ila ni kwa tiketi zilizo ndani ya toleo. Zilizo nje haizijui.

#22 Pwani_Bodi
Mimi situmii Plans. Plans ni ya kifurushi cha Premium, na sisi tuko watano, tumo kwenye ile ya bure ya watu 10. Lakini bodi ya Kanban (mtindo wa kazi zinazotiririka bila sprinti) inatufanyia hilohilo.

Tulikuwa tunaona kazi zinaondoka kwenye bodi bila mtu kuzigusa. Ikaja kujulikana kwamba bodi ya Kanban ina filta yake ndogo inayokuja tayari imeandikwa:

fixVersion in unreleasedVersions() OR fixVersion is EMPTY

Maana yake, toleo likishatangazwa kuwa limetoka, kila tiketi yenye toleo hilo peke yake inaondoka kwenye bodi. Hata ambayo haijaisha. Mwenzetu mmoja aliyekuwa anatangaza matoleo mapema ili mteja afurahi, alikuwa anafuta kazi zetu machoni bila kujua. Tiketi yenye matoleo mawili, moja limetoka na jingine bado, hiyo inabaki.

Na kuna mpangilio mwingine unaoficha zilizokamilika zikipita wiki mbili. Huo hauhusiani na toleo hata kidogo, ila watu wanauchanganya na huu.

#23 Testa_wa_Sinza
Umenikumbusha. Unapotangaza toleo na bado kuna tiketi hazijafungwa, Jira inakuuliza: uzihamishie toleo jingine, au uendelee uziache? Watu wanabonyeza kuendelea kwa haraka. Hapo tiketi wazi inabaki ndani ya toleo lililokwisha toka, na kila filta ya "ambayo hayajatoka" itaikataa. Tafuteni hivi muone makaburi yenu:

fixVersion in releasedVersions() AND resolution is EMPTY

#24 Pwani_Bodi
Nimeitafuta sasa hivi nikiwa kituo cha Mwenge. Zimo. Aisee.

#25 KijanaWaKimara
Watu wanatafuta tiketi stendi badala ya kupanda gari. Mvua imeshaanza huku, kama unaelekea Kariakoo kupitia Magomeni ulizia kwanza Jangwani pakoje.

#26 Pwani_Bodi
Naelekea Tegeta, Jangwani hapanihusu. Lakini asante.

#27 Fundi_Redmine
Tusiotumia Jira tusisahaulike. Baadhi ya ofisi hapa mjini zinatumia Redmine kwa sababu ni ya bure na unaiweka kwenye seva yako. Nayo ina mambo mawili ya namna hii.

Ukurasa wake wa ramani ya matoleo hauonyeshi yaliyokamilika mpaka uweke tiki mwenyewe. Na kila aina ya tiketi ina mpangilio wa kusema ionekane kwenye ramani hiyo au isionekane. Ofisini kwetu aina ya "msaada kwa mteja" ilikuwa haionekani tangu siku mfumo ulipowekwa. Watu wa msaada wakawa wanaandika kazi kila siku na kwenye ramani ni kama hawapo. Aliyeweka mpangilio huo alishaondoka kazini kitambo.

Pia toleo la Redmine lina hali tatu: wazi, limefungiwa (locked), limefungwa (closed). Likifungiwa huwezi kuingiza tiketi mpya humo. Kwa hiyo kazi ya kweli inayojitokeza dakika za mwisho inaandikwa bila toleo, na mnarudi palepale.

#28 Bwana_Faharasa
Fundi_Redmine, na hilo la kuweka kwenye seva yako ni la msingi. Tangu Atlassian, kampuni yenye Jira, wasitishe huduma ya Jira ya Server tarehe 15 Februari 2024, waliokuwa na seva zao walibaki na Data Center (Jira nyingine ya kuweka kwenye seva yako) au klaudi. Waliohama kwa haraka, baadhi hawakukagua filta zao walivyozihamisha. Dada, mlihama lini?

#29 DadaBakilogi
Tulianza klaudi moja kwa moja, hatukuhama.

#30 Nondo2
Na ruhusa? Mmeacha ruhusa. Mtu asiye na ruhusa ya kuvinjari mradi fulani hazioni tiketi zake ndani ya mpango, hata kama mpango wenyewe anaufungua. Wewe unaona, bosi haoni, mnabishana mkitazama kiungo kilekile.

#31 DadaBakilogi
Hili sikulifikiria hata kidogo. Kesho nitamwomba mmoja wa uongozi afungue mpango kwenye kompyuta yake mimi nikiwa pembeni.

#32 Kigamboni_Dev
Ukifanya hivyo angalia pia mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa. Kwenye Plans unaweza kuiwekea tiketi toleo, ukaliona hapo, kumbe bado ni pendekezo la ndani ya mpango. Mpaka ulipitie na kulihifadhi, tiketi yenyewe kwenye Jira haina toleo hilo, na bodi haliioni.

#33 Mama_Ripoti
Haliioni au haioni?

#34 Kigamboni_Dev
Bodi hailioni. Naandika kwa simu, mama.

#35 DadaBakilogi
Nimerudi na mrejesho. Nimechukua tiketi zilizopotea nikazipitia kama Mama_Ripoti alivyoelekeza #9.

Kundi kubwa zilirudi nilipoondoa filta. Humo ndani nyingi ni tiketi ndogo (Kigamboni_Dev, asante) na nyingine ni za mradi wa pili wenye toleo lenye jina lilelile (Nondo2, asante). Kundi la pili hazikurudi. Kuna toleo la mwaka jana lilitengwa kwenye mipangilio, na bado watu wa usiku wanalitumia kama mahali pa kuandikia kazi zao. Ruhusa zilikuwa sawa kwa bosi wangu, kwa mkubwa wake hazikuwa sawa.

Zimebaki chache ambazo hakuna maelezo hata moja humu yanayozishika.

Sasa uongozi unataka nipendekeze suluhisho. Nimewaza kuifanya sehemu ya toleo iwe ya lazima. Hakuna tiketi bila toleo. Mnasemaje?

#36 Mtaalamu_wa_Usiku
Nakataa kwa nguvu zote. Ukiifanya ya lazima, saa nane usiku nitachagua toleo la kwanza kwenye orodha ili niendelee na kazi. Utakuwa na data iliyojaa na ya uongo. Afadhali tupu, tupu inasema ukweli kwamba hakuna aliyepanga.

#37 Shangazi_Data
Naunga mkono #36. Kitu kitupu ninaweza kukihesabu. Kitu kilichojazwa ovyo siwezi kukitambua.

#38 Testa_wa_Sinza
Mimi napinga. Mkiacha tupu, kila hoja ya utafutaji mtakayoandika maisha yenu yote itahitaji "OR is EMPTY", na siku moja mtu ataisahau. Tengenezeni toleo la kudumu liitwe Uendeshaji, kazi zote za usiku na seva ziingie humo. Zitaonekana kwenye orodha ya filta kama toleo jingine lolote, na bosi ataweka tiki mbili.

#39 Nondo2
Toleo ambalo halitoki kamwe? Litakuwa ndani ya unreleasedVersions() milele. Kila ripoti ya "kilichobaki kutoka" itabeba hitilafu za seva, na tarehe ya toleo utaandika ipi?

#40 Testa_wa_Sinza
Tarehe si lazima. Na kubeba hitilafu za seva ndicho tunachotaka, zionekane.

#41 Mzee_Primavera
Kwetu kazi za namna hiyo tunaziwekea shughuli ya aina yake, inayofuata urefu wa kazi nyingine. Usimamizi wa eneo, ulinzi, maji. Haina tarehe yake, inanyooka kadiri mradi unavyonyooka, na rasilimali zake zinahesabika. Sijui chombo chenu kama kinaweza, lakini hoja ya kijana Testa inaelekea huko.

#42 Bwana_Faharasa
Mzee, Jira haina aina hiyo ya shughuli. Ushauri wangu kwa Dada ni kuacha kuchuja kabisa kwenye kikao cha kugawa kazi. Pangeni mpango kwa makundi ya matoleo badala ya filta. Ukipanga kwa makundi, zisizo na toleo zinakaa kwenye kundi lake chini, zinaonekana, na bosi anaona ni nyingi kiasi gani. Halafu kwa watu, tumieni filta ya timu.

#43 DadaBakilogi
Kupanga kwa makundi nimekujaribu sasa hivi. Kundi la zisizo na toleo ni refu kuliko toleo lenyewe. Nimelipiga picha kwa ajili ya kikao.

#44 Mtaalamu_wa_Usiku
Kwenye hiyo filta ya timu, kabla hamjaiamini, angalieni sehemu ya timu kwenye tiketi za hao vijana wawili imejazwa na nani. Kwetu mfumo wa kupokea hitilafu unafungua tiketi wenyewe, na timu hauandiki.

#45 DadaBakilogi
Nimeangalia. Wa kwanza zote zina timu. Wa pili tiketi zake za usiku hazina.

#46 Testa_wa_Sinza
Basi weka kanuni ya kujiendesha yenyewe: tiketi ikifunguliwa na mfumo wa hitilafu, iandikwe timu palepale. Na kwa toleo ifanye hivyohivyo, iingie Uendeshaji.

#47 Nondo2
Timu sawa. Toleo bado nakataa.